Mkate, mshahara na barua: kilichomshikilia askari wa Marekani kambini

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kuanzia 1861 hadi 1865, madaktari wa jeshi la Kaskazini, yaani jeshi la serikali ya Marekani lililopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, waliandika kwenye vitabu vyao wagonjwa 5,547 waliougua kwa kupakumbuka nyumbani. Kati yao 74 walihesabiwa kuwa wamekufa kwa ugonjwa huo. Dalili zilielezwa kwa makini: mgonjwa hali chakula, hapati usingizi, moyo unamwenda mbio, tumbo linaharibika, anakonda mpaka homa ya kawaida inamwondoa. Kuhusu dawa, hawakukubaliana. Wengine walimwandikia mgonjwa likizo. Wengine walishauri achekwe na wenzake mpaka aone haya, na wapo waliosema apelekwe mstari wa mbele, mapigano yatamsahaulisha.

Nawatetea wagonjwa hao. Askari aliyelala macho wazi akiwaza kwao alikuwa anapiga hesabu: mahindi yamevunwa na nani, deni la dukani limefika wapi, mtoto aliyeandikiwa kuwa ana surua amepona au la. Majibu ya hesabu hiyo yalitegemea mambo ambayo jeshi liliweza kuyasimamia: posho, mshahara, posta na likizo. Jeshi lililoyashughulikia lilibaki na watu wake hata liliposhindwa vitani. Lililoshindwa kuyashughulikia lilivuja watu kila usiku, hata chini ya jenerali aliyependwa mno na askari wake.

Tuanze na siku yenyewe, kwa sababu siku za kupigana zilikuwa chache. Zilizobaki zilikuwa za kambi, na siku ya kambi ilikwenda kwa ngoma na tarumbeta. Saa kumi na moja alfajiri wakati wa kiangazi, au saa kumi na mbili wakati wa baridi, sajenti aliita majina. Kisha kifungua kinywa, kisha wito wa wagonjwa, wakapanga mstari mbele ya hema la daktari. Saa mbili asubuhi walinzi walibadilishana zamu. Baada ya hapo ni kwata, kuchanja kuni, kuchota maji, kuchimba vyoo, chakula cha mchana, kwata tena, gwaride la jioni, na majina kuitwa mara ya mwisho kabla ya taa kuzimwa.

Kwata ilichosha, lakini ilikuwa na sababu. Bunduki ya Springfield ya 1861 ilijazwa kwa mdomo wa mtutu, kwa hatua tisa. Askari alichukua risasi iliyofungwa pamoja na baruti kwenye karatasi, akairarua kwa meno, akamimina baruti, akasukuma risasi, akashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu wa chuma, akaurudisha mahali pake, kisha akaweka fataki. Mzoefu alipiga mara tatu kwa dakika, na mkoba wake ulibeba risasi 40. Katikati ya kelele na moshi mikono ilisahau. Baada ya mapigano ya Gettysburg, Julai 1863, ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000 zilizotupwa uwanjani. Kama 24,000 zilikuwa bado zimeshindiliwa, na nyingi kati ya hizo zilikuwa na risasi mbili au zaidi, moja juu ya nyingine. Fataki iligoma au kidole hakikuvuta, na mwenye bunduki hakujua, aliendelea kushindilia.

Chakula cha Kaskazini kwenye karatasi kilikuwa kingi. Askari mmoja kwa siku alistahili kama gramu 340 za nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, au gramu 570 za ng'ombe, na kama gramu 450 za biskuti ngumu akiwa safarini. Kulikuwa pia na maharage, mchele, kahawa, sukari, siki na chumvi, vikipimwa kwa kila posho mia. Biskuti hiyo ilikuwa unga na maji tu, imeokwa mpaka ikakauka kabisa: mraba wa kama sentimita nane, unene zaidi kidogo ya sentimita moja, tisa au kumi kwa siku. Ugumu haukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa ghala. Masanduku yalikaa gatini kwenye mvua, na biskuti zikafika na ukungu au na fukusi. Askari alizitumbukiza kwenye kahawa ya moto, fukusi wakaelea, akawaengua kwa kijiko akaendelea kunywa. Wengine waliziloweka kwenye maji baridi kisha wakazikaanga kwa mafuta ya nguruwe. Mlo huo ulishibisha, ila ukirudiwa wiki nane bila kitunguu wala kiazi, fizi zinaanza kutoka damu. Kiseyeye kimeingia.

Kahawa ndiyo iliyowashikilia. Posho ilitoa kama gramu 45 za kahawa mbichi kwa mtu kwa siku, wakaikaanga wenyewe, wakaiponda kwa kitako cha bunduki, wakaichemsha kwenye kopo. Upande wa Kusini haukuwa nayo, maana manowari za Kaskazini ziliziba bandari zake. Kufungwa kwa bandari hizo kulifika mpaka kwetu: pamba ya Kusini ilipokosekana, merikani iliadimika Zanzibar na bei yake ikapanda, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake. Askari wa Kusini walichemsha karanga zilizounguzwa, shayiri, viazi vitamu, hata mbegu za mwaloni. Ila walikuwa na tumbaku. Majira ya baridi ya 1862 kuamkia 1863, majeshi hayo mawili yalipokaa yakitazamana kwenye kingo za mto Rappahannock, Virginia, walinzi walitengeneza vijahazi vidogo vya mbao vyenye tanga, wakavivusha vikiwa na kahawa kwenda na tumbaku kurudi, na magazeti ya pande zote mbili. Makamanda walikataza. Biashara iliendelea.

Nataka kubaki hapo Rappahannock, kwa sababu ndipo hoja yangu inapopimika.

Tarehe 13 Desemba 1862, jeshi la Kaskazini liitwalo Jeshi la Potomac lilipanda mlima chini ya risasi huko Fredericksburg, na kufikia mwisho wa mapigano lilikuwa limepoteza watu zaidi ya 12,000, waliokufa, waliojeruhiwa na waliotoweka. Mwezi uliofuata likajaribu kuzunguka adui, mvua ikanyesha, mizinga ikazama matopeni, likarudi kambini Falmouth limechafuka na kudharauliwa. Kambini, kikundi cha watu wanne kilijenga kibanda: magogo yaliyopangwa juu ya shimo, paa la vipande vya turubai vilivyofungwa kwa vifungo (kila askari alibeba kipande kimoja), dohani la vijiti na udongo na juu yake pipa lisilo na vitako. Mapipa hayo yalishika moto mara kwa mara. Kibaya zaidi kilikuwa shimo lenyewe: sakafu iliyo chini ya ardhi haikauki, hewa haipiti, na watu wanne wanalala wakipumuliana. Vyoo vilikuwa mahandaki ya wazi, na wengi hawakufika hata huko usiku wa barafu. Kuhara na homa ya matumbo vilifanya kazi ambayo mizinga haikuifanya. Katika vita vyote, Kaskazini iliandika zaidi ya wagonjwa milioni 1.7 wa kuhara, na kwa kila askari wawili wa Kaskazini waliokufa kwa ugonjwa, alikufa mmoja tu kwa risasi.

Mshahara ulikuwa dola 13 kwa mwezi, na mlipaji alitakiwa kufika kila baada ya miezi miwili. Falmouth kulikuwa na vikosi vilivyokaa miezi sita bila senti. Mke wa mkulima wa Pennsylvania au Maine alikuwa na pango la kulipa na viatu vya kununua, na aliandika hivyo. Sheria ya Desemba 1861 ilimruhusu askari kusaini sehemu ya mshahara wake ikatwe na kupelekwa nyumbani moja kwa moja. Mpango mzuri, lakini mshahara usiotoka hauna cha kukatwa.

Posta, kwa upande mwingine, ilifanya kazi vizuri. Stempu ya barua ilikuwa senti tatu, na tangu Julai 1861 askari asiye na stempu aliweza kuandika juu ya bahasha kuwa ni barua ya askari, ofisa akasaini, na mpokeaji akalipa. Kwa hiyo habari za nyumbani zilifika haraka kuliko mshahara, na hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa la baridi ile: askari alijua kila shida ya kwao na hakuwa na chochote cha kutuma. Familia nazo zilichukua hatua. Vifurushi vilianza kuingia kambini vikiwa na nguo za kiraia, suruali na koti la kuvaa mtu anayetaka kuondoka bila kutambuliwa na doria.

Jenerali Joseph Hooker alipokabidhiwa jeshi hilo tarehe 26 Januari 1863, kwa maelezo yake mwenyewe watu 200 walikuwa wanatoroka kila siku, na zaidi ya 80,000 waliokuwa kwenye orodha hawakuwepo kambini, wakiwemo wagonjwa na walioruhusiwa. Hooker anakumbukwa kwa majigambo na kwa kushindwa kwake. Mimi namkumbuka kwa amri zake za wiki zile za kwanza, kwa kuwa zinaonyesha mtu aliyeelewa askari wake wanawaza nini.

Likizo kwanza. Kila askari mia waliopo kazini, wawili waende nyumbani, siku kumi, au 15 kwa majimbo ya mbali. Waliofuata walisubiri wa kwanza warudi. Utamu wa amri hiyo uko hapo: aliyechelewa alikuwa anakula zamu ya mwenzake wa kibanda kimoja, na wenzake walijua jina lake na kijiji chake. Mwezi Machi akaongeza jingine, vikosi vilivyokaguliwa vikaonekana safi na vyenye nidhamu viliongezewa nafasi za likizo, na vilivyo ovyo vikanyimwa.

Chakula kikafuata. Amri ya Februari ilitaka mkate laini au unga angalau mara nne kwa wiki, viazi au vitunguu vibichi mara mbili, mboga zilizokaushwa mara moja. Matanuri yalijengwa kambini. Ofisa wa ugavi aliyeshindwa kutoa alitakiwa kuonyesha kwa maandishi kwamba bohari haikuwa na kitu, kwa hiyo mahali mali ilipopotelea pakaanza kuonekana. Mganga mkuu wa jeshi hilo, Jonathan Letterman, alishika usafi: turubai za paa zivuliwe mara mbili kwa wiki ili jua na upepo viingie, matandiko yaanikwe nje, mahandaki ya vyoo yafukiwe kwa tabaka la udongo kila siku, kombania ipike pamoja badala ya kila mtu na kikaango chake. Wagonjwa wakapungua. Malimbikizo ya mshahara yakalipwa. Vifurushi vikapekuliwa, nguo za kiraia zikakamatwa. Na tarehe 10 Machi Rais Abraham Lincoln akatangaza msamaha: mtoro atakayerudi kufikia tarehe 1 Aprili ataadhibiwa tu kwa kukosa mshahara wa siku ambazo hakuwepo.

Kuna wanaosema ni woga wa kupigwa risasi uliorudisha nidhamu. Adhabu ilikuwepo, sikatai, na upekuzi ulisaidia. Lakini tazama kilichofuata. Mwanzoni mwa Mei Hooker alishindwa vibaya huko Chancellorsville, mbele ya jeshi dogo kuliko lake. Baada ya Fredericksburg jeshi hilohilo lilianza kumeguka. Safari hii halikumeguka. Wiki nane baadaye lilisimama Gettysburg kwa siku tatu, chini ya kamanda mpya, na likashinda.

Sasa vuka mto. Kusini ilikuwa inapigania kudumisha utumwa, na hilo halina haja ya kupambwa. Lakini wengi waliobeba bunduki zake walikuwa wakulima wadogo wasiomiliki mtumwa hata mmoja, na kwao ndiko kulikovunjika kwanza. Walijiandikisha 1861 kwa miezi 12. Aprili 1862 sheria ya kulazimisha watu jeshini ikawaongezea hadi miaka mitatu, na Oktoba mwaka huohuo sheria nyingine ikasamehe mzungu mmoja kwenye kila shamba lenye watumwa 20 au zaidi. Mke wa mkulima mdogo, mwenye kushika jembe la kukokotwa kwa mikono yake, aliielewa sheria hiyo siku ileile.

Kuanzia Aprili 1863 serikali ya Kusini ilichukua sehemu moja ya kumi ya mavuno kama kodi, na maofisa wa ugavi walichukua nafaka na wanyama kwa bei waliyoipanga wao. Mwezi huohuo, tarehe 2, wanawake wa Richmond, mji mkuu wa Kusini, walivunja maduka wakitafuta mkate. Mshahara wa askari ulikuwa dola 11, ukapandishwa hadi 18 mwezi Juni 1864, kwa noti ambazo zilikuwa zimeshaoza. Pipa la unga, kilo 89, liliuzwa Richmond kwa mamia ya dola mwaka huo. Mwezi mzima wa kukaa handakini haukununua unga wa wiki moja wa familia yenye watoto wanne. Karatasi za kuandikia ziliadimika, watu wakageuza bahasha ndani nje na kuzitumia mara ya pili, wakachemsha matunda ya porini kupata wino. Bado barua zilifika, zikiwa na maneno ya njaa.

Jenerali Robert E. Lee wa Kusini aliliona hili, akalisoma kinyume. Mnamo 24 Februari 1865, akiwa kwenye mahandaki ya Petersburg, Virginia, alimwandikia gavana wa North Carolina, Zebulon Vance, kwamba watoro wanaongezeka, na kwamba kwa sehemu kubwa wanatoroshwa na barua za ndugu zao walioko nyumbani. Alitaka viongozi wawatie moyo wananchi. Wiki mbili tu kabla ya hapo alikuwa ameiandikia wizara ya vita kwamba baadhi ya askari wake wamekaa siku tatu bila nyama, kwenye barafu na mvua ya mawe. Jeshi la Jenerali William Sherman wa Kaskazini lilikuwa limeshapita Georgia likichoma maghala na kung'oa reli, na sasa lilikuwa ndani ya Carolina. Mtu wa huko aliyekaa handakini Petersburg, kilomita mia kadhaa mbali, akisoma barua ya mke wake, alikuwa na taarifa sahihi kuliko hotuba yoyote. Lee aliwapiga risasi baadhi ya watoro. Utoro haukupungua. Jeshi lake lilipojisalimisha Appomattox tarehe 9 Aprili, lilikuwa na watu kama 28,000. Jenerali Ulysses Grant wa Kaskazini aliwapa chakula, akawaruhusu wenye farasi na nyumbu wao waende nao, kwa kuwa msimu wa kupanda ulikuwa umefika na bila mnyama wa kulima familia zisingevuka baridi inayofuata. Huyo naye alijua walikuwa wanawaza nini.

Lakini Kaskazini iliyojifunza somo hili kwa askari wazungu ilikataa kulitumia kwa weusi. Sheria ya Julai 1862 iliwalipa dola 10, na tatu zikakatwa kwa nguo, zilibaki saba. Vikosi vya 54 na 55 vya Massachusetts vilipigana zaidi ya mwaka mzima vikikataa kupokea chochote kisicho sawa na cha wazungu, huku wake zao wakiomba msaada. Sajenti William Walker wa kikosi cha tatu cha South Carolina aliiongoza kombania yake kuweka bunduki chini mbele ya hema la kanali, akisema mkataba umevunjwa. Alipigwa risasi kwa uasi tarehe 29 Februari 1864. Mwezi Juni bunge likasawazisha mshahara.

Kentucky palikuwa pabaya zaidi. Jimbo hilo la watumwa lilibaki upande wa Kaskazini, kwa hiyo tangazo la Lincoln la kuwaweka huru watumwa halikulihusu. Mtumwa aliyejiandikisha alipata uhuru. Mkewe na wanawe hawakuupata. Wengi walimfuata mume kambini Camp Nelson kwa sababu mabwana waliwapiga na kuwafukuza kwa kosa la mume kuvaa sare. Novemba 1864, kwenye baridi ya kugandisha, kamanda wa kambi aliamuru waondolewe, na wanawake na watoto wapatao 400 wakapakiwa kwenye magari ya kukokotwa, vibanda vyao vikabomolewa. Askari Joseph Miller alitoa ushahidi wa kiapo siku chache baadaye. Alimwambia mlinzi kwamba mwanawe wa miaka saba ni mgonjwa na atakufa akitolewa nje. Mlinzi akajibu kwamba wasipopanda gari atawapiga risasi. Usiku ule Miller alitembea maili sita kuitafuta familia yake, akaikuta kwenye nyumba ya ibada isiyo na moto wa kutosha, mtoto ameshakufa. Ilimbidi arudi kambini usiku huohuo. Asubuhi akatembea tena, akachimba kaburi mwenyewe, akamzika mwanawe. Katika watu wale 400, waliokufa walipita 100.

Habari hiyo ilipofika magazetini na Washington, amri ikafutwa, na makazi ya familia yakajengwa palepale kambini. Tarehe 3 Machi 1865 bunge likapitisha azimio la kuwaweka huru wake na watoto wa askari weusi wote. Kichwa chake kinataja lengo waziwazi: kuhimiza watu wajiunge na jeshi, na kuliongezea jeshi nguvu.